Tumbo la Fundi Radjabu

Mbele ya nyumba ya fundi Radjabu, hapo Rumonge ambapo njia ya soko inakunja kuteremka ziwani, palikuwa na gogo la mvule. Radjabu na wenzake walilikokota kutoka upande wa Bugarama ili alichonge mtumbwi. Likapasuka katikati kabla halijaonja shoka vizuri, na tangu hapo halikuwa mtumbwi, halikuwa kuni, likawa kijiwe. Ulikuwa mwaka wa ile nyota yenye mkia. Wadachi, ndio Wajerumani, walikuwa wamekaa zamani katika boma lao kule Usumbura, na meli yao ya moshi ilipita mara mojamoja mbali ziwani kama mtu asiyetaka kusalimia. Lakini pale kwenye gogo hakuna aliyengoja amri ya Mdachi ili afungue mdomo. Kila asubuhi, umande ukianza kukauka, Abdulhamid mwuza kahawa aliweka jiko lake la mkaa chini, juu yake dele la shaba alilokuja nalo kutoka Ujiji, na maneno yakaanza kuchemka kabla ya kahawa.

Abdulhamid mwenyewe waliishia kumwita Dele, na hata mkewe alimwita hivyo. Aliyekaa karibu naye siku zote ni Asmani, mwuza mafuta ya mawese, mtu mnene, mikono inang'aa mpaka viwikoni. Huyo aliitwa Mawese. Wa tatu alikuwa Amisi. Amisi aliwahi kuwabebea Wadachi mizigo safari moja tu, akarudi na kofia nyekundu iliyochakaa na neno moja ambalo halikumtoka tena kinywani: boma. Mvua ikichelewa, ni shauri la boma. Mbuzi akipotea, boma ipelekewe habari. Wakamwita Bwana Boma kwa kumcheka, naye akalipokea jina kama zawadi.

Wa nne alikuwa Radjabu, mwenye gogo. Huyo walimwita Kadhi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikata mabishano. Si kwamba alijua zaidi ya wengine. Alikuwa na sauti nzito tu, na namna ya kupiga goti lake kwa kiganja akisema neno la mwisho, mtu akaona haya kuongeza jingine.

Sasa Kadhi alikuwa ndani, amelala chali, na wenzake walikuwa nje wakibishana bila mtu wa kuwanyamazisha. Na walichokuwa wakibishania ni yeye.

Tumbo lilimshika Ijumaa, maji ya udhu hayajamkauka usoni. Lilianza kama mgeni anayepiga hodi kwa adabu. Muda si muda likavunja mlango. Likamtoka juu, likamtoka chini, na mahali pengine ambapo Radjabu hakujua kama mtu ana njia. Usiku ule Mwanvua, mkewe, alimshika kichwa, akamfuta, akamsomea alichokijua, na alipofika mwisho wa alichokijua akaanza upya. Lakini hiyo ilikuwa imepita. Leo tumbo lilikuwa limetulia, linanguruma tu kwa mbali. Lililobaki ni mwili: magoti ya ndama aliyezaliwa jana, ulimi mkavu kama jani la mgomba la mwaka jana, na tamaa ya kahawa iliyokuwa inamtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Kahawa Mwanvua ameikataza. Gogoni vilevile amekataza asiende.

Ila hakuweza kuyakataza masikio. Kitanda cha Radjabu kiligusa ukuta wa mbele, na juu ya kichwa chake palikuwa na kidirisha kilichozibwa kwa fito. Gogo lilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo. Hata Dele akipuliza moto, Radjabu alisikia.

— Miye nasema ni kahawa, — ilisema sauti ya Mawese. — Mutu anakunywa kahawa kila siku, tumbo inachoka.

— Kahawa? — Dele aligonga kikombe kwenye jiko. — Kahawa yangu hii, Ujiji wazee wanakunywa mpaka wanasahau umri yao! Ni mafuta yako. Ulimupa mawese ya mwaka jana.

— Mawese haiue mutu. Mawese inalainisha.

— Ndiyo nasema! Imemulainisha! Toka Ijumaa analainika!

Radjabu alicheka, tumbo likamkumbusha kwamba bado si lake peke yake, akanyamaza.

— Nyinyi wote hamujui kitu, — alisema Amisi kwa ile sauti yake ya kutangaza. — Ni meli ya Wadachi. Moshi yake inaanguka mu ziwa. Mukeke inakula moshi. Radjabu anakula mukeke.

— Na sisi hatukule mukeke? — aliuliza Mawese.

— Nyinyi munakula mukia. Moshi inakaa mu kichwa. Radjabu anapenda kichwa.

Kule kitandani Radjabu alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Ni kweli alipenda kichwa cha samaki yule, hasa lile shavu. Halafu akakasirika kwamba amekubali.

— Kama ni moshi, moshi ya meli ni kidogo sana, — alisema Dele. — Munaona ile nyota ya alfajiri? Ile mukia yake ni nini kama si moshi? Inapita juu ya paa zetu. Na Radjabu anaacha mutungi yake inje, bila kifuniko. Inatona ndani.

— Inatona nini?

— Mukia.

— Yampayinka! — Mawese alishtuka kweli. — Na yangu pia iko inje.

— Funika, ndugu. Funika leo.

Radjabu alitamani kupiga goti lake kwa kiganja. Mtungi wake haujawahi kukosa kifuniko tangu amwoe Mwanvua. Mwanamke yule angefunika hata ziwa kama angepata ungo wa kutosha. Alifungua kinywa ili apaze sauti kupitia fito, ndipo akasikia mlango wa nyuma, na harufu ya uji wa mtama ikaingia kabla ya aliyeubeba.

Alikuwa Sikuzani. Huyu alikuwa mjane kutoka Kabonga, kule kusini upande wa Ujiji, aliyefika Rumonge mvua za kwanza zilipoanza. Alipika pale mitumbwi inapofikia, ugali na samaki kwa wapiga makasia, na chungu chake kilisifiwa mpaka Uvira. Tangu Jumamosi alikuja kila asubuhi kwa njia ya uani, akiwa amekwisha walisha watu wake, akimletea Radjabu uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Hakuitwa. Alisikia tu kwamba Mwanvua hajalala.

— Umeamkaje, shemeji?

— Nimeamka. Jana nilikuwa naamshwa.

Sikuzani alitabasamu, akachota, akampa bakuli. Radjabu akanywa taratibu, kijiko kwa kijiko, Mwanvua akimwangalia kama askari anayelinda ghala. Nje Mawese alikuwa akikohoa kile kikohozi chake cha kuleta jambo jipya.

— Tuseme si kahawa, — alisema. — Tuseme si mawese pia.

— Tuseme, — alikubali Dele haraka.

— Mbele ya kuanguka, Radjabu alikula kwa nani?

Radjabu alisikia mkaa ukipasuka.

— Alikula kule bandarini, — alisema Dele. — Siku ya tatu mbele ya Ijumaa nilimuona. Kwa ile mwanamuke wa Kabonga.

— Eh.

— Nasema nilimuona tu.

— Ile mwanamuke ametoka wapi kweli? — sauti ya Mawese ilishuka, na kwa kushuka ikasikika zaidi. — Nani anajua watu wake? Bwana yake alikufa na nini?

— Alikufa na tumbo, — alisema Amisi.

Hakuna aliyemwambia Amisi neno hilo. Alilitoa tu, kama mtu anayetupa karata, na kwa kuwa lilikaa vizuri mahali pake, likawa kweli hapohapo. Radjabu aliwasikia wote watatu wakivuta pumzi. Alisikia pia kitu kingine, na hicho ndicho kilichomuumiza: raha. Mawese alikuwa ameokoa mafuta yake, Dele ameokoa kahawa yake, na wote wawili sauti zilikuwa nyepesi kama za watu waliotua mizigo.

— Hiyo ni sumu, — alisema Amisi. — Na sumu ni shauri ya boma. Kesho tunapanda mutumbwi ya Mawese, tunafika Usumbura, tunasema. Askari wanakuja, wanamufunga.

— Mutumbwi yangu?

— Ya nani basi?

Radjabu aliinua macho. Sikuzani alikuwa amesimama na kata mkononi, uji unadondoka chini tone kwa tone, na yeye hauoni. Uso wake haukuonyesha hasira wala mshangao. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia wimbo anaoujua. Mwanvua aliweka mkono kinywani. Yeye ndiye peke yake aliyewahi kuambiwa, siku moja wakichambua dagaa pamoja, kwa nini mjane yule aliacha nyumba na shamba Kabonga: mume alikufa kwa homa, na ndugu za mume wakasema mkewe amemlisha kitu. Walianza kwa kuuliza tu, kama hivi. Wiki haijaisha, watoto wakamtupia mawe akienda kisimani.

— Shemeji, — alisema Sikuzani polepole, — chungu yangu iko kule bandarini. Nakwenda kuichukua. Iko mitumbwi ya watu wa Uvira inaondoka leo.

— Kaa, — alisema Radjabu.

— Nikae nini? Miye nimeishasikia hii. Naijua mpaka mwisho yake.

— Kaa, dada. Nakuomba.

Akateremsha miguu kitandani. Sakafu ilimjia, ikarudi, ikatulia.

— Unakwenda wapi? — aliuliza Mwanvua.

— Inje.

— Na hayo magoti?

— Nakwenda nayo.

Mwanvua alitaka kumkatalia. Alimtazama Sikuzani, akachukua shuka, akamfunga mumewe mabegani, akampisha.

Mlango ulipofunguka, watu watatu waliinuka kwa pamoja. Hawakuinuka kwa heshima. Mawese alisogea mpaka ncha ya gogo, Dele akaondoa dele lake motoni na kulikumbatia, japo lilikuwa la moto, na Amisi akarudi nyuma hatua, kofia nyekundu ikamlalia sikioni. Toka Ijumaa hakuna hata mmoja wao aliyeingia kumtazama. Walikaa umbali wa ukuta mmoja wakamwogopa kama nduli.

Radjabu aliketi. Gogo lilikuwa na baridi nzuri.

— Amahoro, — alisema.

— Amahoro, Kadhi, — walijibu, kila mmoja kwa wakati wake.

— Miye ndiye mwenye tumbo. Munisikilize. Alhamisi nilikwenda Gatete kwa dada ya Mwanvua. Mutoto yake alikuwa mugonjwa, nikamubeba, akanitapikia hapa. — Alijigusa kifuani. — Hapa! Kesho yake nikaanguka. Hii kitu nimeitoa Gatete. Kwa Sikuzani nilikula, ndiyo, na wapiga kasia wa Uvira walikula chungu hiyohiyo, na leo wanapiga kasia. Basi. Imeisha.

Akapiga goti kwa kiganja. Kofi lile lilitoka dogo, kama la mtoto anayeua inzi.

Amisi alimtazama kwa huruma.

— Mugonjwa hawezi kutoa ushahidi, — alisema. — Boma hairuhusu. Mutu mwenye homa hasemi shauri.

— Sina homa.

— Munaona? Anakataa. Ndiyo homa yenyewe.

— Na wapiga kasia? — Mawese aliuliza, kwa haki kidogo.

— Sumu inajua mutu yake, — alisema Amisi.

— Nani ananipa uji toka Jumamosi? — Radjabu alianza kutokwa na jasho. — Ni yeye! Kila asubuhi! Napona mu mukono yake!

Dele alirudisha dele motoni. Mawese alitazama vidole vyake vinavyong'aa. Amisi naye alitafuta jibu, akapata, na uso wake ukachangamka kwa furaha ya mtu aliyepata.

— Anakuponya ili tusimujue!

— Amisi!

— Anakulisha, anakuponya. Anakulisha tena, anakuponya tena. Wewe unashukuru tu. Mwisho unamupa nyumba, unamupa gogo hii.

— Gogo iliyopasuka ataifanyia nini?

— Muulize yeye.

Maisha yake yote Radjabu alikuwa ameshinda mabishano ambayo hayakuwa na maana yoyote: samaki gani mtamu, ziwa lina mwisho au halina, mkia wa nyota ni wa moto au wa baridi. Hili moja, ambalo mtu angefukuzwa kwalo na mji mzima, lilikuwa linamponyoka mkononi, na wanaolivuta ni watu aliowapenda. Nyuma yake, ndani, hakukuwa na sauti hata ya kata. Akaogopa kwamba Sikuzani amekwisha toka kwa njia ya uani.

Ndipo mwanamke mmoja akapanda kutoka njia ya Gatete na kapu la dagaa kichwani. Alikuwa mrefu, miguu imejaa vumbi, na alipofika usawa wa gogo alilitua kapu bila kuuliza kama kuna nafasi.

— Amahoro.

— Amahoro, mama, — alisema Dele. — Unatoka mbali?

— Gatete. Naitwa Riziki. Nipe kahawa, baba, nimetoka bila kitu. Kule toka juzi hakuna mutu anawasha moto. Wote wamelala na matumbo. Huyu akiamuka, huyu anaanguka.

— Eeh! — Radjabu aliinua mikono yote miwili. — Mumesikia?

— Tumesikia, — alisema Amisi. — Imefika mpaka Gatete!

— Nini imefika? — aliuliza Riziki.

— Sumu ya mwanamuke.

— Mwanamuke gani?

Amisi akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpango, na kila alipopita palikuwa na kitu kipya: mume wa Kabonga sasa alikufa akiwa ameshika sahani, na mukeke wa Radjabu alikuwa na rangi ngeni. Riziki alikunywa kahawa yake akimsikiliza, macho hayatoki kwake. Mawese, ambaye alianza hadithi hii, alianza kuonekana kama mtu aliyewasha nyasi kidogo za kuchomea viazi na sasa anaona shamba la jirani.

— Na wewe, — aliuliza Riziki, — umekula kwake?

— Miye? — Amisi alicheka. Alisimama kabisa, akajigonga kifua. — Miye, mama, Mungu aliniokoa. Kwa ile mwanamuke sijaonja hata maji. Siulize hata chumvi yake. Miye nakula kwangu. Napika mwenyewe, nachota maji mwenyewe, hakuna mukono ya mutu inagusa sahani yangu. Ndiyo maana munaniona niko muzima, niko na nguvu, niko kama...

Hawakupata kujua alikuwa kama nini. Alinyamaza katikati, kidole bado kiko juu. Akasikiliza, kama mtu aliyeitwa na sauti ya mbali. Kitu kikanguruma, Radjabu akashika tumbo lake kwa mazoea, lakini halikuwa lake. Paji la uso la Amisi lilikuwa limejaa matone.

— Amisi? — alisema Dele.

— Niko...

— Amisi, rangi yako.

— Kadhi, — alisema Amisi kwa sauti ndogo ambayo hawajawahi kuisikia kwake, — choo yako iko wapi?

— Nyuma. Kulia. Kimbia!

Alikimbia. Mtu aliyebeba mizigo ya Wadachi kupanda milima alikimbia siku hiyo bila mzigo wowote, mikono imeshika nguo, na Mawese, kwa unene wake wote, aliruka kando kama mwanambuzi ili asiguswe. Kofia nyekundu ilibaki chini karibu na jiko. Halafu kutoka nyuma ya nyumba zikaja sauti ambazo Radjabu alizitambua moja moja, kwa mpangilio wake, kama mtu anayesikia sura aliyoihifadhi ikisomwa na mwingine.

Riziki alimaliza kahawa, akageuza kikombe, akawauliza bila kejeli yoyote, kama mtu anayetaka kujua:

— Na huyu, alikula kwa nani?

Mawese alimtazama Dele. Dele alilitazama dele lake, akafungua kifuniko, akachungulia ndani kana kwamba jibu limezama pamoja na mashapo ya kahawa, akafunga. Kuku alipita. Kule nyuma Amisi alimwita Mungu.

Radjabu ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akijaribu kukizuia kwa ajili ya tumbo, halafu kikamshinda, akainama juu ya magoti yake yale mabovu, akacheka mpaka machozi. Mwanvua aliyekuwa nyuma ya mlango akacheka naye. Dele akafuata, kisha Mawese, mwili mzima ukimtikisika, huku akisema "jamani, jamani" na kujifuta macho kwa mikono iliyojaa mafuta, ambayo ilimwasha akalia zaidi.

Mlango ukafunguka, Sikuzani akatoka. Hakuwa ameondoka. Alikuwa na bakuli la uji mkononi, limefunikwa, na hakucheka. Kicheko cha wengine kikakatika alipopita katikati yao.

— Amisi iko wapi? — aliuliza.

— Nyuma, — alisema Dele.

Akazunguka nyumba. Walimwona akisimama penye ua wa migomba, amegeuza mgongo kumsitiri mgonjwa, anangoja. Alingoja sana. Amisi alipotokea, akishika ukuta, uso umekuwa majivu, alimkuta pale na bakuli. Waliangaliana. Kutoka kwenye gogo wote watatu, na Riziki akiwa wa nne, walinyoosha shingo.

— Kunywa kidogo kidogo, — alisema Sikuzani. — Ukimeza kwa haraka, itarudi.

Amisi alilitazama bakuli. Alitazama gogo, akaona macho yote yako kwake. Kisha tumbo likamkunja tena, na mtu aliyekunjwa na tumbo hana muda wa kufikiria sura yake. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa.

— Murakoze, — alishukuru, chini chini.

Sikuzani alirudi mbele ya nyumba. Sasa Mawese alikuwa amesimama, mikono inatafuta pa kukaa.

— Dada Sikuzani, — alisema. — Mafuta ya kupikia... nitakuletea. Mapya. Ya wiki hii.

— Lete, — alisema yeye. — Mafuta sikatai. Na jina yangu muirudishe pale muliitoa.

— Tuirudishe wapi?

— Umesema na nani toka asubuhi?

Mawese alihesabu kimoyomoyo. Akakumbuka kwamba kabla ya kufika gogoni alikuwa amepita sokoni akiuliza habari za mwanamke wa Kabonga, kwa mwuza chumvi, kwa fundi wa mikeka, na kwa mwanamke wa ndizi ambaye hafichi kitu. Alifunga shuka yake vizuri, akaenda. Radjabu alimwona akipanda njia ya soko mbio mbio, yule mtu ambaye hakuwahi kutembea haraka hata mvua ikinyesha, na baadaye Mwanvua alirudi kutoka sokoni na habari kwamba Mawese amesimama kwa kila aliyemkuta, akisema ilikuwa uongo, ni yeye aliyeanza, na Bwana Boma mwenyewe yuko chooni kama ushahidi.

Sikuzani hakupanda mtumbwi wa Uvira. Jioni ile chungu chake kilikuwa motoni bandarini kama siku zote, na Dele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi pale, mbele za watu, akaomba sahani, akaomba na ya pili.

Siku Radjabu aliporudishiwa magoti yake, hakwenda gogoni kwanza. Alikwenda nyumbani kwa Amisi, akapiga hodi, akaingia mpaka ndani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Amisi alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini lile baya lilikuwa limepita. Sikuzani alikuwako, anakusanya vyombo, naye alimpelekea uji kila asubuhi, na Amisi alikuwa amejifunza kuuliza "leo umechelewa, kuna nini?"

— Kadhi, — alisema Amisi.

— Naam.

— Kule gogoni. Wanasema nini juu yangu?

— Juu ya nini?

— Juu ya hii ugonjwa yangu. — Alijiinua kwa kiwiko. — Nimelishwa na nani? Usinifiche. Miye niko na adui wengi.

Radjabu alifikiria. Angeweza kumtungia kitu. Ulimi wake ulikuwa umerudi, na kahawa alikuwa ameishaionja.

— Wanasema umeumwa na tumbo.

— Tumbo ya nini?

— Tumbo tu, ndugu yangu. Waliulizana mara moja, wakaacha. Leo wanabishana kama kiboko anaota ndoto ama haoti.

Amisi alimtazama muda mrefu, akitafuta kama ni utani.

— Tumbo tu, — alisema. — Mutu kama miye.

Akajilaza, akajigeuza kuelekea ukutani, akavuta shuka mpaka masikioni kama mtu aliyedhulumiwa. Pale mlangoni Sikuzani aliegemea mwimo, mabakuli yakamgongana mikononi, akacheka mpaka ikabidi aketi.